Maswali ya Wasomaji: Je, Dawa za Akili Hugeuza Vinasaba vya Ubongo?

Katika toleo lililopita tuligusia kwa aya moja tu habari ya epijenetiki, yaani elimu ya jinsi jeni zinavyofunguliwa na kufungwa ndani ya seli bila maandishi yake kuguswa, na barua zilizotufikia baada ya hapo zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia. Tumechagua nne. Baadhi tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Kutoka kwa mama mmoja wa Tanga

*Daktari, salaam. Mwanangu wa kiume ana miaka 24. Mwaka jana aligundulika kuwa na ugonjwa wa baipola, yaani wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na tangu hapo anatumia sodiamu valproeti asubuhi na jioni, pamoja na olanzapini usiku. Ametulia, na amerudi kwenye karakana ya useremala alikokuwa akifanya kazi. Sasa binamu yake aliye chuoni ametuonyesha kwenye simu makala isemayo kwamba dawa za akili hubadilisha epijenetiki ya ubongo. Baba yake ameona kuwa ndiyo yale yale aliyoyahofia tangu mwanzo, kwamba kijana atageuzwa awe mtu mwingine na madhara hayo yatawafikia hadi wajukuu. Anataka dawa ziachwe. Naomba ukweli wake.*

Mama yangu, makala hiyo haikusema uongo, ila neno "hubadilisha" limeeleweka nyumbani kwenu kwa maana ambayo wataalamu hawakuikusudia, na kosa hilo si lenu peke yenu.

Chukua doti ya kanga uliyoikunja na kuihifadhi sandukuni. Jina la kanga limechapwa na halifutiki kwa kukunjwa, lakini anayefungua sanduku hawezi kulisoma mpaka kanga ikunjuliwe. Ukiikunja kwa namna moja, neno la mwanzo litajitokeza na mengine yatafichika. Ukiikunja kwa namna nyingine, utasoma la mwisho tu. Vinasaba vya mwanadamu viko hivyo. Katika kila seli vimefungamana na protini ziitwazo histoni, mfano wa uzi uliozungushwa kwenye vibiringo, na kwa mkunjo huo utepe wenye urefu wa takriban mita 2 hupata nafasi katika kiini cha seli ambacho jicho haliwezi kukiona. Jeni iliyo katika sehemu iliyobanwa haisomwi, na iliyo katika sehemu iliyolegea husomwa. Seli ya ini na seli ya ubongo wa mtu mmoja zina maandishi yale yale. Kinachozitofautisha ni mikunjo.

Mikunjo hiyo huongozwa na alama ndogo za kikemia. Alama ya asetili ikibandikwa kwenye histoni, mkunjo hulegea. Alama ya methili ikibandikwa kwenye vinasaba vyenyewe, mara nyingi jeni iliyo karibu hunyamaza. Ikibandikwa kwenye histoni, matokeo hutegemea mahali ilipowekwa. Kuna vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kazi za kikemia mwilini, vya kubandika alama na vingine vya kuzibandua, navyo viko kazini wakati wote, katika seli za mwanao na katika zangu, dawa iwepo isiwepo. Usingizi huzigusa alama hizi, na njaa, na msongo wa mawazo, na sigara. Hata ugonjwa wenyewe huzigusa, jambo ambalo wanaohofia dawa huwa hawalitaji.

Sasa nije kwenye valproeti, kwa kuwa miongoni mwa dawa zote za akili hii ndiyo ambayo kazi yake ya kiepijenetiki imethibitika waziwazi zaidi. Historia yake ni ya ajabu kidogo. Mkemia Beverly Burton aliitengeneza mwaka 1882, na kwa takriban miaka 80 ilitumika maabara kama kiyeyushi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtafiti kijana wa Kifaransa, Pierre Eymard, aliyeyusha ndani yake kemikali alizokuwa akizipima, akashangaa kuona kila moja inazuia degedege kwa wanyama, ndipo ikatambulika kwamba nguvu ilikuwa ya kiyeyushi. Ikawa dawa ya kifafa, kisha ya baipola. Ilipofika mwaka 2001, maabara mbili zilizofanya kazi kila moja kivyake, moja Marekani na nyingine Ujerumani, zilitangaza kwamba valproeti huzuia vimeng'enya vinavyobandua asetili kwenye histoni, tena kwa viwango vinavyofikiwa katika damu ya wagonjwa. Kwa lugha ya sanduku letu, dawa hii humshika mkono anayekunja kanga, na baadhi ya maneno yaliyofichika yakaanza kusomeka.

Hata hivyo, haijathibitika kwamba utulivu wa mwanao umetokana na kazi hiyo. Valproeti ina kazi nyingine zinazojulikana, zikiwemo kupunguza msisimko wa mishipa ya fahamu kwa kuziba njia za sodiamu na kuongeza nguvu ya kemikali ya GABA, ambayo hutuliza seli za ubongo. Vilevile kizuizi chake kwa vimeng'enya hivyo si cha kudumu, kwani dawa ikitoka mwilini, vimeng'enya hurudi kazini. Kijana mliyemwona akirudi kwenye randa na msumeno si mtu mwingine aliyeundwa na vidonge, na ninadhani baba yake akikumbuka wiki zile za kutolala na maneno yasiyokoma atakubaliana nami kwamba aliyekuwa mgeni nyumbani ni yule wa kabla ya dawa.

Kuhusu wajukuu, maandishi ya vinasaba hayaguswi na dawa hizi kwa njia ninayoieleza, na sehemu kubwa ya alama za methili zilizo katika mbegu na yai hufutwa siku za mwanzo baada ya mimba kutungwa. Kuna tahadhari moja ambayo sitaificha. Mwanzoni mwa mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilitoa angalizo kwa wanaume, baada ya uchambuzi kuonyesha kwamba watoto wapatao 5 katika 100 ambao baba zao walitumia valproeti ndani ya miezi 3 kabla ya mimba walipata matatizo ya ukuaji wa akili na mwenendo, wakilinganishwa na 3 katika 100 ambao baba zao walitumia dawa nyingine za kifafa, lamotrijini au levetirasetamu. Mamlaka hiyo ilisema wazi kwamba ushahidi huo una mapungufu, na tofauti yenyewe ni ndogo, lakini inatosha kumfanya mwanao azungumze na daktari wake kabla hajapanga kupata mtoto. Haitoshi kumfanya aache dawa kesho. Akiacha ghafla, hatari ya ugonjwa kurudi ni kubwa na iko karibu kuliko hatari yoyote niliyoitaja katika jibu hili.

Kutoka kwa mwanafunzi wa famasia, Mbeya

*Shikamoo Daktari. Tunafundishwa kwamba imipramini, amitriptilini na fluoksetini huongeza serotonini au noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe, kati ya seli za neva ndani ya saa chache tu, lakini mgonjwa wa sonona husubiri wiki mbili hadi sita ndipo aone nafuu. Mwalimu mmoja alisema jibu ni epijenetiki, akaishia hapo. Je, ni kweli? Na je, kila badiliko linaloletwa na dawa huwa la manufaa?*

Marahaba. Mwalimu wako amekupa sehemu ya jibu, na ni sehemu nzuri, kwa hiyo tuanze nayo.

Jaribio linalotajwa zaidi lilichapishwa mwaka 2006 na kundi la Eric Nestler, ambalo wakati huo lilikuwa Dallas, Marekani. Panya dume waliwekwa kwa siku 10 mfululizo mbele ya panya wakubwa wakorofi, kila siku yule yule mnyonge akikutana na mbabe mpya, mpaka wakawa wanajitenga na wenzao. Katika hipokampasi zao, yaani sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu na kudhibiti msongo, jeni ya protini ya BDNF, ambayo hulea seli za neva na miunganiko yake, ilikuwa imenyamazishwa: histoni zilizo kwenye milango yake zilikuwa zimebeba alama nyingi za methili za aina inayobana mkunjo. Baadaye panya hao walipewa imipramini kila siku kwa takriban mwezi mmoja, na jeni ikaanza kusomwa tena.

Sehemu ninayoipenda katika utafiti huo ni hii. Imipramini haikuziondoa zile alama za methili. Zilibaki palepale, na dawa ikaongeza asetili pembeni yake kiasi cha kuushinda mbano. Ilifanya hivyo kwa kupunguza kimeng'enya kimoja mahususi kinachobandua asetili, kiitwacho HDAC5, na watafiti walipowaongezea panya kimeng'enya hicho kwa makusudi ndani ya hipokampasi, imipramini ilishindwa kuwaponya. Ikiwa ubongo wa binadamu hufuata njia hiyo hiyo, basi tunaweza kuelewa kwa nini mgonjwa anayeacha dawa mapema huanguka tena: kovu la msongo halijaondoka, limefunikwa tu. Nasema "ikiwa" kwa makusudi, maana panya anayemkwepa mwenzake hana sonona kwa maana tunayoijua sisi katika vyumba vya wagonjwa.

Ushahidi kutoka kwa binadamu upo, lakini ni wa kuzungukazunguka. Mwaka 2009 watafiti wa Montreal, Kanada, walichunguza hipokampasi za watu 36 waliokwisha kufariki, wakakuta kwamba waliojiua na ambao utotoni walinyanyaswa walikuwa na methili nyingi zaidi kwenye jeni ya kipokezi cha homoni ya msongo kuliko waliojiua bila historia hiyo na kuliko waliokufa kwa sababu nyingine. Hilo linatuonyesha kwamba maisha huacha alama ubongoni. Halituonyeshi dawa inafanya nini katika alama hiyo, kwa kuwa hatuwezi kumkata mgonjwa kipande cha hipokampasi mwezi wa kwanza na kingine mwezi wa tatu ili tulinganishe, na kwa marehemu ni vigumu mno kutenganisha kazi ya ugonjwa, ya dawa, ya pombe na ya sigara.

Pia usiridhike na maelezo ya aina moja kuhusu kuchelewa kwa nafuu. Vipokezi vya serotonini vinavyozuia seli isitoe kemikali hiyo kupita kiasi huhitaji wiki kadhaa kulegeza breki zake. Seli mpya za neva zinazozaliwa katika hipokampasi ya panya nazo huhitaji wiki kukomaa. Na mwaka 2021 kundi la Helsinki lilionyesha kwamba dawa za sonona hujibandika moja kwa moja kwenye kipokezi cha BDNF. Kwa mtazamo wangu njia hizi hazigombani, kwani kila moja huishia kwenye kiini cha seli, ambako lazima jeni fulani zifunguliwe ndipo seli ijenge miunganiko mipya, na ujenzi huo ndio unaochukua muda.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa famasia, nikuongezee kisa kimoja nje kidogo ya swali. Iproniazidi ilijaribiwa dhidi ya kifua kikuu mwaka 1952 katika hospitali ya Sea View, New York, na wagonjwa wakachangamka kupita kiasi, na kutoka hapo zikazaliwa dawa za sonona zinazozuia MAO, kimeng'enya kinachovunja serotonini na noradrenalini. Mojawapo ni tranilsipromini. Mwaka 2004 maabara ya Yang Shi katika Chuo Kikuu cha Harvard iligundua kimeng'enya cha kwanza kinachobandua methili kwenye histoni, kikaitwa LSD1, na muundo wake ukaonekana kuwa wa ukoo mmoja na MAO. Haikuchukua muda kuonekana kwamba tranilsipromini hukizuia nacho pia, ingawa kwa udhaifu, na leo kemikali zilizoboreshwa kutokana nayo zinajaribiwa dhidi ya saratani ya damu. Dawa ambayo madaktari wa akili waliiandika kwa miongo kadhaa ilikuwa ikigusa histoni bila mtu yeyote kujua.

Ama manufaa, la, si kila badiliko ni la manufaa. Mwaka 2012 watafiti wa New York waliwapa panya klozapini, dawa ya skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo), kwa muda mrefu, wakakuta kimeng'enya cha HDAC2 kimeongezeka katika sehemu ya mbele ya ubongo na kuifunga jeni ya kipokezi cha glutameti kiitwacho mGlu2, ambacho kingeweza kusaidia katika kutuliza dalili. Walipochunguza ubongo wa watu wenye skizofrenia waliofariki wakiwa kwenye dawa za aina hiyo, walikuta dalili za jambo hilo hilo. Haloperidoli, dawa ya zamani zaidi ya ugonjwa huo, haikuonyesha athari hiyo. Mimi husoma matokeo haya kama ubongo unaojibu mapigo: dawa inausukuma upande mmoja, nao unasukuma upande wa pili. Klozapini inabaki kuwa dawa bora kwa wagonjwa wengi walioshindikana kwa dawa nyingine, na hakuna sababu ya kumnyima mgonjwa kwa ajili ya utafiti huo, bali panya waliopewa klozapini pamoja na kizuizi cha vimeng'enya hivyo walionyesha matokeo mazuri zaidi, na wazo hilo linastahili kufuatiliwa.

Kutoka kwa msomaji wa Machakos

*Daktari, mimi ni mwanamke wa miaka 29 na nina kifafa tangu utotoni. Nimetumia valproeti miligramu 1,000 kwa siku kwa miaka minane, na sijaanguka kwa miaka mitatu sasa. Nimeolewa na tunatamani mtoto. Muuguzi aliniambia kwa haraka kwamba dawa yangu "si nzuri kwa mimba", lakini hakueleza kwa nini. Nifanye nini?*

Dada yangu, muuguzi alikuwa sahihi, na ilikupasa uelezwe kwa kirefu zaidi ya hapo.

Kiinitete hujenga mwili kwa kufungua na kufunga jeni kwa zamu kali sana. Dawa inayowazuia wakunjaji wa kanga, ambayo kwa mtu mzima huenda isilete tatizo, inaweza kuvuruga zamu hizo. Katika tafiti za mwaka 2001 nilizozitaja kumjibu mama wa Tanga kulikuwa na jambo lililotia mkazo hoja hii: kemikali za jamii ya valproeti zilizoleta ulemavu kwa viinitete vya wanyama ndizo zilizozuia vimeng'enya vya histoni, na ndugu zake zisizoleta ulemavu hazikuvizuia. Huenda zipo njia nyingine pia, ikiwemo kuingilia matumizi ya vitamini ya foleti mwilini.

Idadi zenyewe ni hizi. Katika wanawake 100 wanaotumia valproeti wakati wa ujauzito, takriban 10 hupata mtoto mwenye ulemavu mkubwa wa kimaumbile, ilhali kwa wanawake kwa jumla ni 2 au 3. Mgongo wazi ni mmojawapo wa ulemavu huo. Aidha watoto 30 hadi 40 katika 100 huchelewa kuzungumza au kutembea, hupata ugumu wa kujifunza, au huonyesha matatizo mengine ya ukuaji wa akili, ikiwemo usonji. Hatari hupanda kadiri dozi inavyopanda. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga kufikia siku ya 28 hivi baada ya mimba kutungwa, wakati ambao wanawake wengi bado wanadhani hedhi imechelewa tu, ndiyo maana kubadilisha dawa baada ya kugundua ujauzito mara nyingi ni kuchelewa. Umoja wa Ulaya uliweka masharti makali mwaka 2018, na Shirika la Afya Duniani nalo linashauri valproeti isianzishwe kwa wanawake na wasichana wanaoweza kushika mimba.

Kwa hiyo nenda kwa daktari wa kifafa sasa, kabla ya mimba, na hadi hapo uendelee na njia ya uzazi wa mpango. Mwambie unataka kujua kama unaweza kuhamia lamotrijini au levetirasetamu, ambazo rekodi yake katika ujauzito ni nzuri zaidi. Uhamisho huo hufanywa hatua kwa hatua kwa muda wa wiki au miezi, dawa mpya ikipandishwa na ya zamani ikishushwa, na ni vyema ubaki kwa muda kwenye dawa mpya ili ionekane kama inaushika ugonjwa. Muulize pia kuhusu asidi ya foliki na kiwango kinachokufaa wewe. Wapo wagonjwa ambao kifafa chao hakitulii kwa dawa nyingine yoyote, na kwao uamuzi huwa mgumu, hufanywa kwa dozi ndogo iwezekanavyo na kwa kuelezwa kila kitu. Ombi langu moja kwako ni kwamba usiiache valproeti kwa uamuzi wako mwenyewe hata kwa siku mbili, maana degedege zisizokatika zinaweza kukuua wewe, na mtoto pia ikiwa tayari umeshika mimba.

Kutoka kwa msomaji aliyeko Muscat

*Daktari, nimeona mtandaoni tangazo la kipimo cha damu cha epijenetiki kinachodai kuchagua dawa ya akili inayomfaa mgonjwa. Mdogo wangu yuko Unguja, anatumia lithiamu. Nimlipie?*

Usimlipie, ndugu yangu. Alama zilizo katika seli za damu hazifanani kwa lazima na zilizo katika seli za ubongo, kama vile mkunjo wa kanga iliyo sandukuni kwako usivyoweza kunieleza ya jirani ilivyokunjwa, na mojawapo ya alama zinazoonekana kwa uwazi zaidi kwenye damu ya watu ni ile inayoachwa na sigara. Hakuna kipimo cha aina hiyo kilichokubalika katika tiba ya kawaida ya baipola. Kwa anayetumia lithiamu vipo vipimo vya damu vyenye maana: kiwango cha lithiamu yenyewe, utendaji wa figo, tezi ya shingo, na kalsiamu. Muulize mdogo wako mara ya mwisho alivifanya lini, na ikiwa imezidi miezi sita, fedha uliyotaka kuitoa itumike hapo.